Januari Haina Mshahara

Agosti 28

Shule imefunguliwa. Niliamka kabla saa haijaniita, nikavaa, nikatembea hadi shuleni kwa furaha kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilipofika getini nikajiona mjinga. Nani mwenye akili anafurahia kwenda kusimama kwenye mvuke na joto hili la Agosti?

Lakini likizo imenichosha kuliko kazi. Walimu wakienda likizo mshahara wao unaingia kama kawaida. Sisi wa jikoni, shule ikifungwa tunafungwa nayo. Na mkataba unasema turuhusiwe kwanza na mwalimu mkuu kabla ya kufanya kibarua kingine. Julai nilikwenda kuomba nikamenye kamba wa baharini kule bandarini. Akasema atalifikiria. Likizo imekwisha, bado analifikiria.

Dada Seonnye nilimkuta keshafika, anasugua sinki. Yuko jikoni hapa tangu binti yangu hajaanza shule, na ndiye aliyenifundisha kukoroga supu ya watoto mia sita bila kujivunja mgongo.

"Umenenepa," akaniambia. "Likizo imekupenda."

"Nimevimba kwa uji, dada. Usinisifu bure."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika ukingo wa sinki mpaka kikapita. "Vumbi la likizo," akasema, akaendelea kusugua.

Agosti 30

Joto. Supu ya tambi. Sina nguvu ya kuandika.

Septemba 5

Mpishi mkuu wetu, Tak Malsun, leo kamfokea tena mmoja wetu kwa kukata vitunguu vinene. "Hii mikono umekodi au ni yako?" Yule dada akalia chooni. Miaka tisa nafanya kazi na Tak na sijawahi kumsikia akisema pole. Amebakiza miaka miwili astaafu na nadhani sote tunaihesabu pamoja naye.

Mwalimu wa lishe ni mpya, anaitwa Harim, hajafika thelathini. Ndiye anayepanga chakula cha wiki na kuagiza vitu. Ni mwalimu wa kudumu, aliingia kwa mtihani. Tofauti na yule aliyemtangulia, huyu anagonga mlango wa jikoni kabla ya kuingia, na anatuita mama. "Mama Geumok, wali wa leo umekuwa mtamu sana." Nimempenda.

Ila anapenda vya kukaanga. Wiki hii tumekaanga mara tatu. Kuku, samaki, viazi vitamu. Feni ya kuvuta moshi inanguruma kweli, lakini moshi wenyewe unabaki palepale juu ya vichwa vyetu kama mgeni asiyejua kuaga. Aliyesimama kwenye karai ni dada Seonnye, kama siku zote. Hakuna anayekaanga kama yeye.

Septemba 6

Mvua. Nimechoka.

Septemba 21

Chama cha wafanyakazi kimepigania hadi wapishi wa shule wapigwe picha za mapafu. Wanaopelekwa ni waliotimiza miaka kumi kazini au waliovuka umri fulani. Tak na dada Seonnye wamekwenda leo baada ya kazi. Mimi bado mwaka mmoja.

"Umekosa ziara," dada Seonnye akanitania aliporudi kuchukua mkoba. "Unalala kitandani, kitanda chenyewe kinakupeleka ndani ya tundu na kukutoa. Sijawahi kulala raha hivyo tangu niolewe."

Septemba 27

Kesho kutwa ni sikukuu ya mavuno, kila mtu anarudi kwao. Posho ya sikukuu imeingia. Yetu ni ileile kwa kila mmoja, uwe na mwaka mmoja au ishirini. Ya walimu inakwenda na mshahara na inapanda nao. Mwalimu Harim ametuletea boksi la peasi jikoni, akaliweka juu ya meza ya kukatia, akasema "kidogo tu hiki, mama zangu," uso umemwiva kama pilipili. Akaondoka haraka. Nikamwonea huruma. Kisha nikajishangaa: namhurumia nani?

Peasi zilikuwa nzuri. Tumekula mbili, nyingine tukagawana.

Oktoba 10

Tulikuwa tumekaa kwenye kile chumba chetu cha kupumzikia, watano, miguu imepishana kwa kukosa nafasi, trei zimeshaoshwa. Simu ya dada Seonnye ikalia. Akapokea hukuhuku amelala chali.

"Ndiyo, ni mimi." Akasikiliza. "Ndiyo." Akainuka kwa kiwiko. "Sasa hicho kinundu ni kikubwa kiasi gani?" Hapo sote tukakaa.

Alipokata simu alitutazama mmoja mmoja, akacheka kidogo. "Wamenikuta na kitu kifuani. Upande wa kulia, juu. Wanataka nirudi nikakatwe kipande kidogo wakakiangalie. Eti nisichelewe."

"Hao huwa wanatisha watu," nikasema. "Jirani yangu aliambiwa hivyohivyo, kumbe kovu la zamani."

"Ndiyo, huenda ni kovu."

"Hukuvuta sigara maisha yako yote, dada. Itakuwa kovu tu."

Tak alikuwa amekaa mlangoni anafunga kamba za viatu. Picha yake yeye imetoka safi, nimesikia jioni hii kwa wengine, wala hakutuambia. Alisimama, akasema, "Sakafu haijakauka kule nyuma," akatoka.

Nikamchukia. Namwambia nani kama si karatasi hii? Nilimchukia mpaka meno yakaniuma.

Nilimsindikiza dada Seonnye kituoni. Njiani hakuzungumzia kifua. Alizungumzia mume wake ambaye tangu aanguke kwenye jengo hafanyi kazi, na mkwe wake wa Seoul asiyejua kupika supu ya mwani. Basi lake lilipokuja akanigeukia. "Geumok, ile miaka ya mwanzo tulikuwa hatuna hata feni. Unakumbuka?"

Mimi sikuwepo miaka hiyo. Nikamwambia nakumbuka.

Oktoba 17

Si kovu.

Oktoba 19

Dada Seonnye ameanza likizo ya ugonjwa. Ya malipo ni fupi, ya mwalimu ni ndefu zaidi. Mtu wa kushika nafasi yake hajapatikana. Tangazo limebandikwa na hakuna aliyepiga simu, maana nani aache kumenya kamba aje huku? Kwa hiyo wanne tunafanya ya watano.

Leo ilikuwa kuku. Asubuhi nilivaa aproni nzito na kofia, nikaelekea kwenye karai, maana baada ya dada Seonnye anayefuata ni mimi. Tak akanikata njia.

"Wewe nenda kwenye supu."

"Mkuu, nani atakaanga?"

"Nimekuuliza? Nenda kwenye supu."

Akawasha moto yeye mwenyewe. Mpishi mkuu hakaangi, ana mambo yake mengine ya kusimamia. Akasimama pale mpaka kipande cha mwisho, macho mekundu, anasimamia na mambo yake yote kwa kupiga kelele kutoka hapohapo. Yule dada wa vitunguu alipotaka kumpokea akamfukuza. "Usinisogelee. Karai hili sasa ni langu. Atakayeligusa atanitambua."

Nilikoroga supu yangu na sikuweza kumtazama.

Oktoba 20

Nimemwambia Mwalimu Harim ukweli, tukiwa wawili stoo. Kwamba moshi ule ndio unaosemwa kuwa unaharibu mapafu. Kwamba feni haivuti. Akajiziba mdomo. "Mama, mbona hamkuniambia mapema?" Ameahidi kukaanga itakuwa mara moja kwa wiki mbili, na kwamba atakwenda kwa mwalimu mkuu kuhusu feni.

Ana moyo. Nililala vizuri.

Oktoba 31

Wazazi wamelalamika. Watoto wanasema chakula siku hizi ni cha hospitali, mboga za mvuke na samaki wa mvuke. Kuna mzazi kaweka picha ya trei kwenye mtandao na kuandika kwamba kodi yake inaliwa na nani. Mwalimu mkuu kamwita Harim. Kuhusu feni, ameambiwa bajeti ya mwaka huu imefungwa na itatazamwa likizo ijayo. Likizo iliyopita pia ilikuwa itatazamwa likizo ijayo.

Harim alikuja jikoni akasimama kando ya friji bila kuvua viatu vya nje, kitu ambacho hajawahi kufanya. "Nimejaribu," akasema. "Mama Geumok, nimejaribu kweli." Analia. Ikabidi mimi ndiye nimbembeleze.

Wiki ijayo tunakaanga mara mbili.

Novemba 2

Wamemfanyia upasuaji. Wametoa sehemu ya juu ya pafu la kulia. Nimekwenda hospitali baada ya kazi, mwili wangu unanuka mafuta na wauguzi wananipisha kwenye lifti. Amelala mdogo kama mtoto. Mtu mwenye mikono iliyokuwa inainua sufuria la supu peke yake.

"Daktari ni kijana, mzuri wa sura," akasema kwa sauti ya upepo. "Ameniambia nisikae tena kwenye moshi. Nikamwambia, haya, nitafutie kazi basi."

Mume wake alikuwa kwenye kiti, ameshika kikombe kitupu. Wamepeleka madai ya fidia ya ajali kazini. Wameambiwa wasubiri, wanaosubiri ni wengi, inaweza kupita majira mawili au zaidi. Watakula nini majira hayo mawili, hilo halikuulizwa.

Novemba 11

Binti yangu Dasol amefanya mtihani wa kuingia ualimu leo, mara ya tatu. Nilimfungia chakula cha mchana, wali na mayai yaliyokunjwa. Hakutaka nimsindikize. Alirudi, akala, akalala. Sikuuliza.

Novemba 18

Tumetengeneza kimchi, ile kabichi ya chumvi na pilipili ya kuwekwa majira ya baridi, kwa dada Seonnye, nyumbani kwake, mimi na yule dada wa vitunguu. Mlangoni tulikuta magunia ya kabichi iliyokwishatiwa chumvi na kuoshwa. Mume wake akasema ameyaleta Tak alfajiri, akayashusha na kuondoka bila hata kunywa chai.

Mwanamke yule simwelewi.

Novemba 22

Ijumaa ni mgomo, wafanyakazi wa shule wa mikataba, nchi nzima. Wapishi, wasaidizi wa madarasa, wasafishaji, makarani. Tunachodai kwa jikoni yetu ni viwili, feni na mshahara wa likizo. Nimeandikisha jina. Tak hagomi. "Nina miaka miwili," akasema, basi. Nikamjibu mbele ya wote, "Na dada Seonnye ana pafu moja na nusu." Akageuka akaenda kuhesabu mayai.

Jioni nikamwambia Dasol mezani. Akaweka vijiti chini.

"Mama, lazima iwe wewe?"

"Kwani nani awe?"

"Unajua wenzangu wanasema nini kwenye kundi letu la mtihani? Wanasema kila mwaka hawa watu wa mikataba wanapiga kelele wapewe haki za walimu, wakati sisi tunakufa kwa kusoma. Miaka minne chuo, mama. Huu mwaka wa tatu nasoma nikiwa nimejifungia. Nafasi zenyewe zinapungua. Halafu mtu aingie bila mtihani na adai tuwe sawa?"

"Nani kataka kuwa mwalimu? Mimi nataka kula Januari."

"Ndiyo, lakini ulipoingia ulijua Januari hakuna."

Nilitaka kumwambia kwamba nilipoingia baba yake alikuwa amefariki miezi minne na ningesaini hata karatasi ya kuuza figo. Kwamba hiyo miaka minne ya chuo ilitoka kwenye sufuria zile. Nikamwangalia, amekonda, ana madoa chini ya macho, kucha ameziguguna mpaka damu. Si mwovu. Anaogopa. Nikamwongezea supu.

"Kula," nikasema. "Inapoa."

Novemba 24

Tulikuwa wengi. Sijawahi kuona wanawake wengi wa umri wangu mahali pamoja pasipokuwa msibani. Tulikaa barabarani mbele ya ofisi ya elimu ya mkoa, chini tumetandika vipande vya plastiki, upepo unakata masikio. Jukwaani mwanamke mmoja alisoma majina ya wapishi waliougua mapafu. Alipofika kwa Seonnye nilisikia mtu analia kwa sauti, nikageuka kumtazama, kumbe ni mimi.

Mtu mmoja alitoka kwenye jengo akapokea bahasha yetu. Akainama kwa heshima. Mlango ukafungwa.

Novemba 27

Ijumaa watoto walikula mkate na maziwa. Tak na Harim ndio waliogawa, wawili peke yao. Leo asubuhi mtoto wa darasa la pili aliniambia kwenye foleni, "Bibi, mkate ulikuwa mtamu, gomeni tena." Ndiye peke yake aliyetuunga mkono shule nzima. Sokoni mzazi mmoja alinitambua, akamwambia muuza tofu kwa sauti ya kunifikia, "Wanawashika watoto mateka."

Mazungumzo yanaendelea, ndivyo wanavyosema. Yanaendelea.

Desemba 4

Nilifungua mlango wa jikoni asubuhi nikamkuta dada Seonnye amevaa mabuti.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kuiba kabichi. Unaonaje?"

"Dada, mwezi mmoja tu!"

"Siku za malipo zimekwisha. Nikibaki nyumbani Desemba, Januari haina kitu, Februari ndio hiyo, mpaka Machi tutakuwa tunapika mawe. Nikimaliza muhula huu angalau Desemba ninayo." Alizungumza kwa kukatakata, anapumua katikati ya maneno. "Nitakaa kwenye mboga. Mboga hazina moshi."

Harim akaingia, akamwona, akasimama. Nilitegemea atamrudisha nyumbani. Nilimwona anataka kusema hivyo. Lakini trei zilikuwa zinasubiri, wiki mbili mfululizo tumechelewesha chakula, na juzi yule dada wa vitunguu kiuno kimemkamata hawezi kuinama. Harim akasema, "Karibu tena, mama Seonnye. Tafadhali usijichoshe." Akaenda ofisini.

Na mimi? Niandike ukweli, hapa hakuna wa kunisoma. Niliposikia kisu chake kinakata figili, ule mlio wa haraka ulionyooka, mabega yangu yalishuka yenyewe. Nilifurahi. Mikono imeongezeka. Tangu mchana najiuliza mtu aliyefurahi vile ni mtu gani.

Tak ndiye peke yake aliyemfokea. "Mjinga wewe! Mjinga mkubwa! Nani alikuita?" Akamvutia kiti mbali na majiko, karibu na dirisha, akalifungua dirisha, baridi yote ya bahari ikaingia, na hakuna aliyethubutu kulifunga.

Desemba 8

Baridi. Dirisha liko wazi. Tunapika na makoti.

Desemba 13

Dasol amefaulu hatua ya kwanza! Alipiga kelele chumbani nikadhani amejikata. Tumekumbatiana mpaka tukaanguka kwenye godoro. Imebaki hatua ya pili, Januari, usaili na kufundisha mbele ya watahini.

Nilikwenda na keki za mchele jikoni. Dada Seonnye akala mbili. "Mama wa mwalimu," akaniita siku nzima. "Mama wa mwalimu, nipitishie ndoo."

Desemba 21

Theluji imeanguka tangu jana, imefika magotini. Sijui nianzie wapi.

Leo ilikuwa chakula cha kufunga mwaka, watoto wenyewe wanapiga kura wanachotaka. Kila mwaka wanachagua kuku wa kukaanga. Vipande vilikuwa vimeshapakwa unga, vimejaa trei kwa trei mpaka usawa wa kifua changu. Tak akatoka nje kumwaga taka kabla ya kuwasha karai. Tukasikia ndoo inagonga chini.

Alikuwa amelala kwenye barafu nyuma ya jengo, mkono umepinda pasipopinda. Hakulia. Alisema tu, "Msiache moto peke yake." Mlinzi akamwingiza kwenye gari lake kumpeleka hospitali, naye bado anatoa maagizo dirishani, wali uteremshwe, figili iongezwe siki, nikakaange mimi kwa zamu na wenzangu, mmoja asikae pale muda mrefu. "Seonnye asiguse! Umenisikia, Geumok? Asiguse!"

Nikasema ndiyo mkuu.

Niliporudi ndani karai lilikuwa limeshawashwa na dada Seonnye amesimama mbele yake, barakoa mbili usoni, kijiko cha matundu mkononi.

"Dada, toka hapo."

"Mafuta yameshapata moto. Lete trei."

"Nimesema toka!" Nikamshika mkono. Yule dada wa vitunguu alikuwa ameng'ang'ania ukuta kwa kiuno chake, mwenzetu wa nne anateremsha wali peke yake. Harim alikuwa ameingia, amevaa glavu, anafungua mitungi ya figili vibaya na kumwaga maji. Kengele ya darasa la kwanza ilikuwa karibu, wao ndio wanaotangulia.

Tulivutana kile kijiko, watu wazima wawili, kama watoto na mdoli. Ana nguvu bado. Akanisogelea mpaka kofia zetu zikagusana, akasema polepole ili pumzi imtoshe:

"Geumok. Sikiliza. Langu limeshakatwa. Lako zima. Kuku ni hawahawa. Unataka tuharibu mapafu ya watu wangapi?"

"Tuharibu langu basi! Zamu yangu!"

"Wewe una mtoto anayefanya usaili mwezi ujao. Mimi nina mzee anayeshika kikombe." Macho yake juu ya barakoa yalikuwa yanacheka. "Lete trei, mama wa mwalimu."

Kengele ikalia.

Sijui ni nani aliyeachia. Nakumbuka kijiko kilikuwa kwake na mikono yangu ilikuwa mitupu, halafu ilikuwa na trei. Nikampelekea. Alitoa waliokwiva, nikampelekea wabichi. Moshi ulipanda, feni ikanguruma, kikohozi kikamshika akainama kando, akainuka. Kila alipoinuka nilikuwa nimesimama pale na trei nyingine. Hayo ndiyo niliyoyafanya leo. Nilimpelekea.

Watoto walishangilia. Walipita na trei zao wakituinamia dirishani, mmoja baada ya mwingine, wanaimba "Tutakula vizuri! Asanteni kwa chakula!" na Harim aligawa vipande huku machozi yanamtoka, watoto wakamuuliza kama ni vitunguu.

Jioni nilimpigia Tak. Mkono umevunjika mahali pawili. Akaniuliza swali moja tu. Nikamwambia nilikaanga mimi.

Akasema, "Muongo wewe," taratibu, kama anayenipa pole, akakata.

Desemba 29

Shule imefungwa. Tumeosha kuta, dari, feni. Mafuta yaliyoganda ndani ya feni tulikwangua kwa visu. Dada Seonnye hakuwepo, yuko kitandani na homa. Harim alipita kutuaga, anakwenda Vietnam na wazazi wake, akatutakia tupumzike vizuri. Hakuwa na nia mbaya. Alipogundua alichosema akabaki ameshika kitasa.

"Na wewe pia, mwalimu," nikamwambia. "Pumzika."

Januari 4

Nimeomba tena ruhusa ya kumenya kamba. Karani amesema mwalimu mkuu yuko likizo.

Januari 6

Dada Seonnye amerudishwa wodini. Kichomi. Tak alikuwepo nilipofika, plasta mkononi, anamlisha uji kwa mkono wa kushoto na kumwaga nusu yake shukani. Wote wawili wanagombana. Hapakuwa na nafasi ya kiti cha tatu, nikasimama.

Januari 9

Keshokutwa ni usaili wa Dasol. Asubuhi aliniomba niwe mtahini. Tukasogeza meza, nikakaa nyuma yake na miwani, simu nimeiweka mbele iwe saa. Yeye akatoka nje, akagonga, akaingia na suti yake mpya, akainama, akakaa, magoti pamoja. Sikumjua. Alikuwa mwalimu kweli.

Nikachukua kadi ya juu katika zile wanazofanyia mazoezi, swali juu na jibu lake chini, nikasoma.

"Shuleni kuna walimu na kuna wafanyakazi wengine wengi. Wewe kama mwalimu utashirikiana nao vipi?"

"Nitajibu," akasema, ndivyo wanavyofundishwa kuanza. "Kwanza, naamini shule ni familia moja. Mwalimu, karani, mpishi, mlinzi, sote tunamlea mtoto mmoja. Pili, nitawasalimia kila siku kwa majina yao na kutambua mchango wao. Tatu, nitawafundisha wanafunzi wangu kwamba hakuna kazi iliyo chini ya nyingine, na kwamba mbele ya mtoto sote tuko…"

Akasimama hapo. Aliliangalia dirisha, akaniangalia mimi, uso ukaanza kumwiva kuanzia shingoni. Mdomo umefunguka na neno halitoki. Ni neno rahisi. Lilikuwa pale kwenye kadi, nililiona.

Ningeweza kusema kitu. Mwezi mzima nimekuwa nikiyapanga kichwani ya kumwambia siku kama hii. Lakini namba kwenye simu zilikuwa zinakimbia, na mwanangu amekaa mbele yangu ndani ya suti, na ninataka apite. Ninataka apite kuliko kitu chochote.

"Endelea, mwanangu," nikasema. "Muda unakwisha."